Ukamilifu Usiopimwa kwa Saa

Dominika ya 7 ya Mwaka A
Masomo: Law 19:1-2, 17-18, 1 Kor 3:16-23, Mt 5:38-48



Injili ya Dominika ya leo inamalizika kwa amri ambayo wengi wetu huisikia kwa hofu. Bwana wetu, akiisha kuwafundisha wanafunzi wake wawapende adui zao na wawaombee wale wanaowatesa, anawaagiza wawe wakamilifu; na kipimo anachowapa si mtakatifu fulani wala nabii fulani, bali ni Baba yao aliye mbinguni. Ndugu wapendwa, nani kati yetu awezaye kuusikia wito huo asitetemeke? Sisi tunaoshindwa kumaliza wiki moja bila kugombana na jirani, tunaambiwa tuwe wakamilifu kama Mungu!

Wapo wanaolipuuza neno hilo, wakisema kwamba ni jambo la watawa na mapadre. Wapo na wengine, nao ndio tunaotaka kuzungumza nao asubuhi hii, ambao hulipokea kwa uzito wote lakini wakalielewa vibaya. Hao hujitwika mzigo ambao Kristo hakuwatwika. Leo tutawatazama hasa wanamichezo, kwa sababu katika maisha yao jambo hili huonekana waziwazi kuliko katika maisha ya wengi wetu.

Hapa Kawetele, karibu na mji wa Tukuyu, anayeamka mapema huwaona vijana wakikimbia katika ukungu, wakipanda na kushuka vilima vya nchi yetu ya Rungwe. Ni jambo jema, nasi huwafurahia. Wilaya yetu inaujua utamu wa ushindi. Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa ligi ya soka ya Tanzania, ikiziacha nyuma timu kubwa za Dar es Salaam, na wazee huisimulia habari hiyo hadi leo. Baadaye timu hiyo ilishuka daraja. Katika siku kama hizo ndipo hujulikana ni nani aliyeipenda timu, na ni nani aliyeupenda ushindi tu.

Miaka kadhaa iliyopita, miongoni mwa vijana hao alikuwamo mmoja aliyekuwa akitumikia Misa katika altare yetu. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwenye pumzi nyingi na maneno machache. Akachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya UMISSETA kukimbia mita 5000. Wakati huo goti lake moja lilikuwa limekwisha kuanza kuvimba, lakini hakumwambia mtu. Kabla ya safari alikuja kuomba baraka. Tulimbariki, kisha tukamwambia kwa kicheko, "Usirudi Kawetele mikono mitupu." Tulidhani tumemtia moyo.

Alikimbia, na mizunguko miwili kabla ya mwisho goti likamshinda, akatoka njiani. Alirudi nyumbani usiku ili asionekane na watu. Kwa muda wa miezi mitatu hatukumwona altareni, na sisi tulisema moyoni kwamba ujana umemwingia. Hatukwenda kumtazama. Siku moja mama yake akatujia akiwa na uchungu, akasema, "Padre, mwanangu huamka usiku wa manane akaenda kukimbia na goti ambalo halijapona. Nikimzuia hunijibu kwamba wewe ulimwambia asirudi mikono mitupu." Ndugu wapendwa, tutarudi kwa kijana huyo. Kwanza tuulize: yeye, na sisi pamoja naye, tulijifunza wapi kwamba asiyeshinda hana mahali pa kurudi?

Dunia ya michezo ina namna yake ya kuupima ukamilifu. Mwaka 1976, katika Michezo ya Olimpiki mjini Montreal, msichana wa Romania aitwaye Nadia Comaneci, mwenye umri wa miaka 14, alifanya mazoezi ya jimnastiki bila kosa ambalo waamuzi waliweza kuliona. Wakampa alama 10 kamili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Olimpiki. Ubao wa matokeo haukuwa umetengenezwa kuonyesha 10, hivyo ukaandika 1.00, na watu wakashangaa. Tangu siku hiyo, wasichana wadogo wa nchi nyingi wamefundishwa kuitafuta ile 10, na wengine wamelipa kwa miili yao.

Mwanariadha wetu Filbert Bayi hakuwako katika Michezo hiyo. Miaka miwili kabla, mwezi Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikuwa ameongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye aliivunja rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Dunia nzima ilingoja wakutane tena Montreal. Hawakukutana. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, na Tanzania ikiwamo, zilisusia Michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ya kususa ilikuwa ya haki. Walakini haki hiyo ililipiwa na watu, na mmojawapo alikuwa kijana aliyejiandaa miaka mingi kwa dakika zisizofika nne. Medali ya dhahabu ya mita 1500 ikaenda kwa Walker. Bayi alipata medali ya fedha mwaka 1980 mjini Moscow, katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Mfikirieni pia Juma Ikangaa. Mwaka 1988, katika marathoni ya Boston huko Marekani, alikimbia kilomita 42 na ushei, akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1. Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, akawa wa pili. Kati ya mashindano hayo, mwezi Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Tukiwauliza watu wa mitaani kwetu, wengi watasema, "Yule aliyekuwa wa pili kila mara." Sekunde moja! Mtu anaweza kuwa amefanya yote yaliyo katika uwezo wa binadamu, na bado sisi tulioketi karibu na redio tukamhukumu kwa muda usiotosha hata kufanya ishara ya Msalaba.

Wapendwa wasikilizaji, hukumu ya namna hiyo ikiingia ndani ya moyo wa mtu na kukaa humo, humla polepole. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 10000, mita 5000, mita 3000, na mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Jambo hilo ni kubwa mno. Lakini Rono hakupata kukimbia katika Olimpiki hata mara moja, kwa kuwa Kenya ilisusia Michezo ya 1976 na ya 1980. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye, bila kujificha, jinsi ulevi ulivyomtawala kwa miaka mingi na kumfikisha katika umaskini ughaibuni, hata alipopata neema ya kuuacha. Alifariki dunia Februari 2024. Naye Samuel Wanjiru alikuwa na miaka 21 alipoipatia Kenya medali ya kwanza ya dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, mjini Beijing mwaka 2008. Mwezi Mei 2011 alianguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu, akafa, akiwa na miaka 24. Hatuwataji marehemu hawa ili kuwahukumu. Tunawataja ili tujiulize: wakati sisi sote tulipokuwa tukiwashangilia, ni nani aliyekuwa akiwauliza habari za usingizi wao?

Somo la pili la leo linatupa neno zito juu ya jambo hili. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba wao ni hekalu la Mungu, na kwamba Roho wa Mungu anakaa ndani yao. Naye anaonya vikali dhidi ya kuliharibu hekalu hilo. Tuyatazame basi yanayotendeka. Kijana mwenye jeraha humeza dawa za kutuliza maumivu ili apate kukimbia, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwonya apumzike. Msichana hunyimwa chakula, au hujinyima mwenyewe, ili awe mwepesi. Hata siku zake za mwezi zinakatika na mifupa yake inadhoofika kabla hajafika utu uzima. Wengine hukubali kudungwa dawa zilizokatazwa. Majirani zetu wa Kenya walilazimika kutunga sheria mwaka 2016 ya kupambana na dawa hizo, baada ya wanariadha wao wengi kufungiwa. Ndugu, mtu akilibomoa hekalu ili apate mawe ya kujengea mnara wa sifa, amepata nini?

Hatusemi haya ili kuidharau michezo. Kanisa halijapata kufundisha hivyo. Paulo mwenyewe alipenda kutumia mfano wa wapiga mbio, akisifu namna wanavyojinyima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitambua kwamba michezo husaidia kuleta uwiano wa roho na undugu kati ya watu. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Jubilei ya wanamichezo mwaka 2000 katika uwanja wa Olimpiki wa Roma. Na mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima juu ya michezo, ikiwasifu wanaotoa kilicho bora ndani yao, na wakati huohuo ikionya juu ya kuugeuza mwili wa mwanamichezo kuwa kama chombo tu. Bidii ni njema. Nidhamu ni njema. Kinachoua ni ile sauti inayosema: "Usiposhinda, wewe si kitu."

Je, hiyo ndiyo sauti ya Baba wa mbinguni? Tuisome Injili vizuri. Kabla ya kututaka tuwe wakamilifu, Yesu ameeleza Baba yake ni mkamilifu kwa namna gani. Hakusema kwamba Baba hakosei hesabu. Alisema kwamba Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Sisi watu wa Rungwe tunaijua mvua. Inyeshapo haiulizi shamba hili la migomba ni la nani, wala mwenye chai ile alisali jana au hakusali. Huo ndio ukamilifu wa Mungu: upendo usiobagua na usiongoja mtu astahili. Ndiyo maana Mwinjili Luka, anapoandika fundisho lilo hilo, badala ya kusema tuwe wakamilifu anasema tuwe na huruma kama Baba.

Tena neno la Kigiriki ambalo Matayo analitumia kwa ukamilifu linatokana na neno lenye maana ya mwisho, au lengo. Aliye mkamilifu ni yule aliyefikia lengo ambalo Mungu alimwumbia. Neno la mwisho la Bwana wetu Msalabani, alipotangaza kwamba kazi yake imetimia, kwa Kigiriki ni la shina hilohilo. Wakati ule, kwa vipimo vya Yerusalemu, hapakuwa na mtu aliyeshindwa kuliko yeye. Alikuwa ameanguka njiani, msalaba wake ulibebwa na mwingine, marafiki walikuwa wamekimbia. Na hapo ndipo alipokuwa mkamilifu, kwa kuwa alipenda hadi mwisho.

Taifa letu lilionyeshwa mfano unaokaribia fumbo hilo. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji 75 walioanza marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, mahali palipo juu sana na penye hewa nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda saa nzima na zaidi kabla yake. Jua lilikuwa limetua, na watu wengi walikuwa wameondoka, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, wa 57 na wa mwisho. Waliobaki wakasimama na kumpigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma aje kuanza tu, bali amalize.

Mtu atauliza: je, huyu naye hakuutesa mwili wake? Swali ni la haki, na hatutaki kijana yeyote anayetusikiliza afikiri kwamba ni dhambi kusimama akiumia. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Simone Biles wa Marekani, bingwa wa jimnastiki, alijitoa katika fainali ya timu kwa sababu alipokuwa hewani hakuweza tena kutambua mwili wake uko wapi. Wapo waliomcheka. Walakini alirudi, na mwaka 2024 mjini Paris akapata medali tatu za dhahabu. Akhwari aliendelea, Biles akasimama. Hatuwezi kuyajua yote yaliyokuwa ndani ya mioyo yao. Lakini kwa yaliyoonekana, hakuna kati yao aliyekuwa akinunua thamani yake kwa nafasi ya kwanza. Akhwari hakuwa na nafasi ya kununulia kitu. Alikuwa na watu waliomtuma tu. Mtu anayejua kwamba anapendwa anaweza kumaliza akiwa wa mwisho bila aibu, na anaweza kusimama bila aibu. Asiyejua kwamba anapendwa hawezi kusimama kamwe. Hukimbia hata usiku wa manane, na goti lililovimba.

Basi turudi kwa yule kijana wa kwetu. Jioni ileile tulikwenda na mama yake hadi nyumbani. Tulimkuta jikoni, karibu na moto, amenyoosha mguu. Tuliketi kwenye kigoda tukamwomba msamaha. Tulimwambia kwamba neno letu lilikuwa baya, na kwamba lilitoka katika tamaa yetu ya kutaka parokia isifiwe. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, Padre, naweza kuja kutumikia hata kama sikushinda?"

Ndugu wapendwa, tumehubiri miaka mingi juu ya huruma ya Mungu. Kijana huyu alikuwa amezisikia homilia zetu zote, akiwa ameketi hatua chache kutoka kwetu. Lakini neno moja la mzaha lilikuwa limemfundisha kinyume chake, naye akaliamini hilo. Tulimpeleka hospitali. Goti lilipona polepole, ingawa halikurudi kuwa kama zamani, na uwanja wa taifa hakuufikia. Lakini Dominika iliyofuata alirudi altareni, na mama yake akalia Misa nzima.

Wazazi wapendwa, walimu, na ninyi makocha: asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo wazee wetu walivyosema. Mfundisheni mtoto kushindana, na mfundisheni pia njia ya kurudi nyumbani akishindwa. Akirudi kutoka uwanjani, au akirudi na matokeo ya mtihani, muulizeni kwanza kama amekula na kama anaumwa mahali, ndipo muulize alikuwa wa ngapi. Mashabiki, msimtukane kesho mliyemshangilia leo. Nanyi mapadre wenzetu na makatekista, tuchunge maneno yetu ya mzaha.

Nawe kijana, unayetusikiliza labda baada ya mazoezi ya alfajiri: kimbia. Kimbia vizuri, kwa furaha, kwa bidii yote uliyopewa. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, kumbuka kwamba somo la leo limekwisha kukuambia wewe ni wa nani: wewe ni wa Kristo, na Kristo ni wa Mungu. Hilo hulipati mwishoni mwa mbio. Umepewa siku ya Ubatizo wako, na hakuna saa inayoweza kukunyang'anya.

Tuombe. Ee Baba, unayewaangazia jua lako wanaoshinda na wanaoshindwa, uwatazame wanamichezo wetu. Uwaponye walioumia, uwainue walioanguka, uwapumzishe kwa amani waliokufa wakiwa wamechoka. Utufundishe sisi kupenda kama unavyopenda wewe, ili tuwe wakamilifu kwa namna yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.